Roka za Mkono Mfupi

Fundi huyu walimwita Redio, ingawa redio yenyewe hakuwa nayo. Ya nini? Alikuwa anaongea tangu anapovaa ovaroli asubuhi mpaka anapoivua jioni: chini ya lori, juu ya lori, kichwa kikiwa ndani ya boneti na spana ikiwa mdomoni. Mkewe anaapa kwamba siku moja nzi alitua kwenye ukingo wa kikombe chake cha chai, Redio akaanza kumweleza namna ya kubana bolti za hedi, kile kichwa cha injini, uanze za katikati kisha uende pembeni, na nzi akasikiliza kwa adabu mpaka usingizi ukamchukua, akatumbukia. Chai ikamwagwa. Somo likaendelea.

Injini za malori ndizo zilizokuwa kazi yake, na masikio aliyopewa kwa kazi hiyo hayakuwa ya kawaida. Yuko bafuni anajisugua mgongo, lori linapita barabarani, yeye anapiga kelele na povu kichwani: "Silinda ya nne! Valvu ya moshi imelegea!" Na dereva anasimama. Wapo wanaosema aliwahi kulisikia lori lenye kasoro kabla dereva hajaliwasha, lakini hao ni waongo. Alilisikia pale pale dereva alipotia ufunguo.

Shule hakuiona hata kupitia dirishani. Vipimo vyake vyote vilikaa ndani ya kiberiti kimoja. Unene wa njiti moja ni milimita mbili, wanasema waliosoma. Yeye hakujali ni milimita ngapi, alijali ni njiti ngapi. Alikuwa anazipanga njiti ubavu kwa ubavu, anazilinganisha na chuma, anafumba jicho moja, anasema, "Hapa njiti nne na pumzi." Pumzi ilikuwa kipimo chake kingine. Na chuma kilichopimwa kwa njiti na pumzi kiliingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Watoto wake wawili wa kiume walikwenda zao, mmoja ofisini, mmoja hajulikani. Aliyebaki gereji ni binti, wa mwisho kuzaliwa, mwenye mikono mipana na hasira fupi. Mama yake alitaka awe mshonaji. Redio akasema, "Anashona, mama, anashona. Ila yeye anashona vyuma."

Basi akaja Tajiri. Hilo ndilo jina ambalo madereva wake walimwita, na yeye alilipenda. Alikuwa na malori saba ya kubebea mawe kutoka machimboni, na mojawapo lilikuwa limeletwa kwa kuvutwa, kemshafti yake, ule mhimili wa kufungua valvu, imelika vinundu kama sabuni ya kufulia. Redio akazunguka lori mara mbili, akaongea kwa saa nzima, mwishoni akasema mbele ya watu wote waliokuwepo:

"Tajiri, injini hii ataifanya binti yangu. Yeye peke yake. Mimi nitakaa kwenye kiti niwe naongea tu."

"Kuongea naamini," Tajiri akasema. "Hilo la binti sijui."

"Ikikosea, usinipe lori lingine maisha yangu yote."

"Na isipokosea?"

"Saba zote zije kwake."

Tajiri akamtazama binti kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani, kama mtu anayenunua ng'ombe asiyemhitaji. "Haya," akasema. "Ila ikikosea, mzee, nitasimulia kila kituo cha mafuta ninachopita. Na mimi napita vingi."

Binti alikwenda nyuma ya banda, na Redio alimwona akirukaruka peke yake.

Sasa, kemshafti ya kufanana na ile ya zamani haikupatikana. Iliyopatikana ilikuwa ya ndugu yake injini ile, wa tumbo moja, ila ndugu mrefu kidogo: ya zamani vinundu vyake viliinuka njiti nne, hii mpya viliinuka njiti tano. Redio akamketisha binti juu ya tairi na kumpa somo ambalo hata nzi angelielewa.

"Roka ni nini?"

"Pembea, baba."

"Pembea! Kemshafti imelala tumboni mwa injini. Kinundu kikiinuka kinasukuma fimbo juu, fimbo inainua upande mmoja wa pembea, na upande wa pili unashuka kuikandamiza valvu ifunguke. Upande wa valvu ukiwa mrefu kuliko wa fimbo, valvu inashuka zaidi ya kinundu kilivyoinuka. Roka za zamani zilikuwa zinageuza njiti nne kuwa sita. Sita ndizo injini hii inazoweza kumeza. Je, tano tukizipeleka kwenye roka zile zile?"

Binti akahesabu kwa vidole vyenye grisi. "Saba na nusu."

"Saba na nusu! Springi zitabanana, na valvu itashuka mpaka ikampige hodi pistoni, na pistoni hana adabu ya kupokea wageni. Kwa hiyo kinundu kikiwa kirefu, tunampa roka ya namna gani?"

"Ya mkono mfupi."

"Mwanangu huyo! Igeuze tano kuwa sita, basi. Dukani wanazo za aina mbili, za mkono mfupi na za mkono mrefu. Wapigie. Waambie mkono mfupi, usisahau, mkono..."

Na hapo ndipo alipokatika. Alishuka taratibu, kama jeki inayovuja mafuta, ubavu mmoja ukitangulia, mpaka akalala chali kando ya tairi, macho wazi, mdomo umepinda kushoto.

*

Kiharusi, walisema hospitali. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia umekufa nusu, na maneno yote aliyokuwa nayo, yale maelfu, yalikuwa yamekwenda yasikojulikana. Lilibaki moja tu, lile ambalo lilikuwa mlangoni mwa mdomo wakati mlango unafungwa.

"Mkono," alisema Redio.

"Mkono, ndiyo," akajibu mkewe, machozi yakimlengalenga. "Pole, mzee wangu. Utapona mkono."

Akiomba maji: "Mkono." Akitaka dirisha lifunguliwe: "Mkono." Majirani walipokuja kumjulia hali aliwasalimu wote kwa mkono, na wao wakaelewa kwamba unauma. Kila mmoja akarudi na dawa yake. Mmoja alileta mafuta ya kondoo, mwingine marhamu ya kuchua, mwingine kitu cheusi kwenye chupa isiyo na kizibo ambacho kilimfukuza paka nyumbani kwa siku nne. Mkewe alivipaka vyote, kwa zamu, asubuhi na mchana. Nzi wa mtaa mzima walijua anakoishi.

Na kichwa nacho kilikuwa kimechanganywa waya. Akitaka kukubali, kilitikisika. Akitaka kukataa, kiliinama. Ilikuwa kama mtu amefunga betri chanya kwenye hasi. Mkewe alimuuliza, "Unataka uji zaidi?" Hakutaka, ameshiba hadi kooni, na kichwa kikaitikia. Akala mabakuli matatu.

Kitanda chake walikiweka karibu na dirisha ili aone banda la gereji. Hatua kumi na nane, si zaidi. Kutoka hapo aliona lori la Tajiri limefunguka pua, na binti yake juu ya bampa, na ubao wenye misumari ambao alikuwa ameutundika mwenyewe, kila spana na msumari wake. Aliona kila kitu. Binti aliingiza kemshafti mpya akiilaza kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto, haikugusa popote. Aliibana hedi akianzia katikati. Redio alilala pale akimtazama, na ndani ya kichwa chake, ambamo maneno yote yalikuwa bado yapo, alikuwa akimsifu bila kupumzika.

Kisha likaja boksi la roka.

Binti alilileta hadi kitandani, akaliweka juu ya blanketi, akalifungua kama zawadi. Roka kumi na mbili zimefungwa karatasi ya mafuta. "Muuzaji aliniuliza mara mbili," alisema, akicheka. "'Mkono mfupi, dada? Una hakika?' Nikamwambia ndivyo baba alivyosema, neno la mwisho kabisa. Akasema, 'Kama ni Redio, mimi nani?'"

Akafungua moja na kumshikisha mkono wa kushoto.

Redio hakuhitaji njiti. Upande wa valvu ulikuwa na urefu ule ule wa siku zote. Kilichobadilika ni upande mwingine: kikombe kinachokalia fimbo kilikuwa kimesogezwa karibu kabisa na tundu la shafti, pale pembea inapoegemea. Upande wa fimbo ndio uliofupishwa. Na pembea ukiifupisha upande huo, upande wa pili unaruka zaidi. Roka hizi zingegeuza njiti tano kuwa nane na nusu.

Akaelewa yote kwa mara moja, na afadhali asingeelewa. Dukani roka zote zina upande wa valvu sawa. Kinachozitofautisha ni upande wa fimbo, kwa hiyo wao wakisema mkono, wanasema mkono wa fimbo. Yeye akisema mkono, anasema mkono wa valvu. Miaka yote hiyo hakujua, kwa sababu miaka yote hiyo alikwenda dukani mwenyewe na kuonyesha kwa kidole: ile pale, rafu ya juu, hiyo, hiyo hiyo. Hakuwahi kuitaja kwa jina. Mara ya kwanza kuitaja ndiyo mara ya mwisho ya kutaja kitu chochote. Binti yake hakukosea hata herufi. Neno lilikuwa la baba.

"Ndizo hizi, baba, eti?"

Hapana, akasema Redio ndani ya kichwa chake. Hapana, hapana, mwanangu, rudisha.

Kichwa kikainama. Kikaitikia mara tatu, kwa unyenyekevu.

"Nilijua!" akasema binti.

"Mkono!" akapiga kelele Redio. "Mkono! Mkono!"

"Mama! Mkono unamuuma tena!"

Na mama akaja mbio na ile chupa isiyo na kizibo.

*

Siku zile mbili zilizofuata, mzee alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya na mikono yote miwili mizima.

Kwanza aliishika ile roka kwa mkono wa kushoto, akaiinua, akaishusha, akaiinua, akionyesha kwa kidole gumba kile kikombe cha fimbo. Mkewe akapiga makofi. "Njooni mwone! Anafanya mazoezi!" Jirani mwenye mafuta ya kondoo alikuja kushuhudia, akasema ni mafuta yake. Redio akaitupa roka sakafuni kwa hasira. "Pole, umechoka," wakasema, wakamfunika blanketi.

Akakumbuka njiti. Kiberiti kilikuwa juu ya stuli, karibu na kibatari. Kwa mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikia tochi tu, alikifungua, njiti zikamwagika kifuani, akaanza kuzipanga juu ya blanketi: tano ubavu kwa ubavu, halafu pengo, halafu nane na ya tisa aivunje nusu. Alitoka jasho. Ilimchukua muda ambao zamani angeshusha injini nzima. Alikuwa anaitafuta ile nusu wakati mkewe alipoingia na beseni la maji.

"Mungu wangu! Mzee anachezea kiberiti!"

"Mkono..."

"Utachoma nyumba na wewe ukiwemo!" Akazizoa zote kwa kiganja kimoja, tano na nane na ile nusu, akazirudisha kisandukuni, na kiberiti kikahamia juu ya kabati, mahali ambapo hata akiwa mzima alihitaji kupanda kiti.

Likabaki jambo moja. Binti alikuwa amesahau kuiokota ile roka iliyotupwa sakafuni. Ilikuwa imeingia nusu chini ya kitanda. Redio aliitafuta kwa mguu wake mzima, akaivuta kwa kisigino, akaikwapua, na kuiweka mahali ambapo hakuna mwenye adabu angetafuta. Akaikalia.

Asubuhi binti akafunga roka kumi na moja. Akahesabu. Akahesabu tena. Alifungua boksi, akakung'uta karatasi, akapekua ndoo ya bolti, akalala chini ya lori na tochi, akamshutumu paka. Redio dirishani aliona yote hayo na moyo wake ukaruka kwa raha ya kihuni. Injini ya silinda sita haiwashwi kwa roka kumi na moja. Tafuta, mwanangu, tafuta mpaka mwezi ujao. Yeye angeatamia. Chuma kilikuwa kinamwingia nyama ya paja, na hajawahi kulalia godoro tamu kama hilo.

Lakini mkewe alikuwa mwanamke wa ratiba. Hospitali walimwambia mgonjwa ageuzwe kila baada ya muda, asiote vidonda, naye alimgeuza kama chapati. Akamshika bega, akamshika nyonga, hooop, na roka ikadondoka kwenye shuka, ina joto.

Alitazama roka. Akamtazama mumewe. Kisha akaketi kitandani na kucheka mpaka khanga ikamlegea.

"Binti! Njoo umwone baba yako! Amekuwa kuku! Anaatamia roka!"

Binti alikuja, akaona, akacheka pia, akainama na kumbusu baba yake kwenye paji la uso, akimpaka grisi. "Umeukumbuka utani wako, baba. Nilidhani nao umeondoka na maneno." Akaichukua roka mkononi mwake kwa upole, kidole kimoja kimoja, maana Redio alikuwa ameikwapua tena kwenye shuka na kuing'ang'ania kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa mmoja.

"Mkono," alisema Redio. "Mkono. Mkono. Mkono."

"Nitakuchua mimi jioni hii, si mama. Acha nimalize kwanza."

*

Tajiri alikuja saa nane mchana na shati lililopigwa pasi. Binti alikuwa ameizungusha injini kwa mtaimbo, polepole, mizunguko miwili kamili. Mahali fulani ilikuwa nzito. Alisimama, akasikiliza, akairudisha nyuma, akaipeleka tena. Ikapita. Redio dirishani alijua imepitaje: kati ya valvu na pistoni palikuwa na pumzi, na si pumzi nzima. Kwa mkono, polepole, pumzi inatosha. Mguu ukikanyaga, haitoshi.

"Nzito kidogo," binti alisema. "Nataka nifungue niangalie."

"Ringi mpya za pistoni si huwa nzito?" Tajiri akauliza. Alikuwa na malori saba na alijua maneno kama matano ya injini, na hilo lilikuwa mojawapo.

"Huwa nzito, lakini..."

"Dereva wangu yuko hapa, mawe yako kule. Kama unaogopa sema unaogopa, fundi." Hilo la mwisho alilisema kama mtu anayetema kokwa.

"Siogopi."

"Basi tumuulize mwenye gereji." Tajiri akatembea hatua zile kumi na nane hadi dirishani, akaingiza kichwa, harufu ya ile chupa ikamrudisha nyuma nusu hatua. "Mzee! Tuwashe?"

Na hapa Redio alitumia akili yake yote. Alishajua kichwa chake ni kinyume. Kwa hiyo safari hii hakutaka kukataa. Alijilazimisha kutaka kukubali, alitaka kwa roho yake yote, ndiyo Tajiri, washeni, washeni hata sasa, ili kichwa kimsaliti kama kawaida na kutikisika hapana.

Kichwa, kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, kikatii. Kikainama vizuri, taratibu, kama cha mwenyekiti wa kikao.

"Mzee amebariki," akasema Tajiri.

Injini iliwaka mara moja. Lazima isemwe, iliwaka vizuri kuliko siku iliyotoka kiwandani, na kwa muda wa kunywa glasi ya maji binti yake alikuwa fundi mkubwa kuliko wote duniani. Alisimama juu ya bampa mikono kiunoni. Mama yake alipiga kigelegele mlangoni. Tajiri alianza kutabasamu upande mmoja. Redio peke yake ndiye aliyesikia, chini ya mngurumo, valvu zikigusa: tk, tk, kama kucha kwenye bakuli.

Kisha dereva akakanyaga.

Mlio ule walioko mtaa wa tatu walidhani ni paa limeanguka. Injini ikapiga kama nyundo, ikakohoa, ikatoa moshi mahali pasipo na bomba, ikanyamaza. Kuku wa jirani alipatikana kesho yake juu ya mnara wa maji, na hakuna anayejua alipandaje.

Binti alifungua kifuniko cha juu. Fimbo tano zilikuwa zimepinda kama miguu ya panzi. Alivua roka, akavua hedi. Valvu mbili zilikuwa zimebusu pistoni na kupinda shingo. Tajiri alisimama nyuma yake muda wote huo.

Binti akaokota roka mpya. Akaenda kwenye ndoo ya vyuma vya zamani, akachukua roka ya zamani. Akaziweka chini, ubavu kwa ubavu, akachuchumaa. Redio alimwona kutoka dirishani akizitazama, halafu akiweka kidole kwenye kile kikombe cha fimbo, halafu kidole kikabaki hapo.

Aliingia ndani na roka mbili mkononi. Mama alikuwa ameshika chupa.

"Mama, weka hiyo chini." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba. Ulisema mkono mfupi. Mkono huu?" Akagusa upande wa valvu. "Wao wamenipa mfupi huku." Akagusa upande wa fimbo.

Redio akafungua mdomo. Ndani mlikuwa na sentensi ndefu, nzuri, yenye samahani tatu.

"Mkono," akasema.

"Tangu siku ile ya boksi. Ulikuwa unaniambia."

"Mkono."

"Na ukaikalia." Binti akaweka uso wake kwenye blanketi. "Na mimi nikacheka."

Mama aliketi kwenye stuli na chupa mapajani, akihesabu, pengine, ni mara ngapi alichua mkono usiomuuma mtu.

*

Binti aliomba apewe wiki mbili. Tajiri alikataa bila kupaza sauti. Alisema ahadi ilikuwa ya mzee na mzee ana kichwa cha kukubali mambo. Kesho yake saa nne gari la kuvuta lilikuja na fundi wa gereji nyingine, mwenye ovaroli safi yenye jina mgongoni. Walilifunga lori mnyororo. Hedi waliiweka kwenye gunia, na roka zote kumi na mbili kwenye boksi lake.

Redio aliwasikia vizuri, walikuwa chini ya dirisha lake.

"Fundi," binti alisema, "roka hizo usizirudishe. Hiyo kemshafti vinundu vyake ni virefu, na roka hizo zinazidisha sana. Zimefupishwa upande wa fimbo. Tafuta zinazogeuza tano kuwa sita."

"Sawa, dada."

"Ukiweka fimbo mpya na valvu mpya na ukarudisha hizo hizo, itavunjika tena vile vile."

"Tumeelewa, dada. Mwenye kazi yuko wapi?"

"Mwenye kazi ni mimi."

"Aha." Fundi akafungua boksi, akachukua roka moja, akaifuta kwa kitambaa. "Mbona ni mpya kabisa hii? Vitu vipya havitupwi, dada. Tatizo lilikuwa kubana tu."

"Sikukosea kubana! Nisikilize. Shika hapa. Pima kutoka hapa mpaka hapa..."

"Sawa, dada. Sawa. Usijali."

Akampigia dereva wake mluzi. Binti alikwenda upande wa pili, akamwambia tena kupitia dirisha la gari, kwa sauti kubwa zaidi, polepole zaidi, akionyesha kwa mikono miwili, pembea, juu, chini. Fundi aliitikia kwa kichwa kila neno. Gari likaondoka, lori likafuata na pua wazi, boksi la roka likirukaruka juu ya kiti.

Binti alirudi, akaja moja kwa moja dirishani, akaegemea kizingiti.

"Nimemwambia mara tatu," alisema. "Kwa Kiswahili. Kila kitu nimemwambia."

Upande mzima wa uso wa Redio ulianza kutetemeka. Mwanzo binti alidhani analia. Kisha sauti ikatoka, ya kukwaruza, ya puani, na ilikuwa kicheko, cha nusu mdomo, na hakikutaka kukoma.

"Unacheka nini wewe?"

Alimtupia kitambaa cha grisi. Kikamwangukia usoni, naye hakuweza kukiondoa haraka, na akaendelea kucheka chini yake. Binti akacheka kidogo, pale pale kizingitini, mpaka kicheko kikageuka kitu kingine akakiacha. Akaingiza mkono na kumwondolea kitambaa.

Banda lilikuwa tupu. Akachukua ufagio akaenda kufagia pale lori lilipokuwa, kuanzia ukutani hadi mlangoni. Alipofika mlangoni alisimama, akatazama barabara, kisha akarudi ukutani akaanza upya.